Winchi Imeishiwa Nguvu? Fuata Moto Kwanza, Mota Baadaye

Mvua zikishakolea, malalamiko yanayofika gerejini kwetu Arusha hufanana: "Fundi, winchi inazunguka ila haivuti." Mara nyingi dereva ameshahukumu kabla hajazima injini. Mota imekufa, anachotaka ni bei ya mota mpya. Kabla sijashika spana namuuliza mawili. Inalegea wakati wa kuvuta na wakati wa kutoa waya pia, au upande mmoja tu? Na inaanza ikiwa legelege, au inaanza vizuri ndipo inachoka njiani? Akijibu vizuri hayo mawili kazi yangu inapungua sana, maana kila jibu lina mahali pake pa kuchunguzwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mota ndiyo ya mwisho kushukiwa. Winchi nyingi zinazoletwa zikiwa "zimekufa" mota zake ni nzima. Moto, yaani umeme, ndio haufiki, au unafika umeshapungua njiani kati ya betri na mota. Ukifunga mota mpya kwenye waya uleule uliooza, nayo itavuta kivivu vilevile, na hela imeshakwenda.

Ninayoizungumzia hapa ni winchi ya umeme ya volti 12, ile inayokaa kwenye bampa la mbele la Land Cruiser za safari na za miradi ya vijijini: mota upande mmoja, boksi la gia upande wa pili, ngoma katikati. Za haidroliki za malori ya kuvuta magari ni habari nyingine kabisa. Za PTO, zile zinazoendeshwa na giaboksi ya gari, nitazigusa kidogo mwishoni.

Pengine haiumwi

Tuanze na lile ambalo madereva hawapendi kulisikia. Huenda winchi ni nzima, ila umeipa mzigo usiobebeka.

Soma kibandiko chake. Kimeandikwa 9500, na wengi wanadhani ni kilo. Ni pauni hizo, na pauni 9,500 ni takriban kilo 4,300. Halafu hizo kilo 4,300 unazipata pale tu ambapo waya umetoka wote na kubaki ile safu ya chini kabisa kwenye ngoma. Waya ukijikunja safu juu ya safu, ngoma inanenepa na mota ileile inapata kazi ngumu zaidi. Chukua ngoma ya kipenyo cha milimita 64 yenye waya wa milimita 8. Ukipima kutoka katikati ya ngoma hadi katikati ya waya, safu ya kwanza ni milimita 36, ya pili 44, ya tatu 52, ya nne 60. Nguvu inashuka kwa uwiano huohuo: 4,300 za safu ya kwanza zinakuwa kama 3,500 kwenye ya pili, 3,000 kwenye ya tatu, na 2,600 hivi kwenye ya nne. Kwa hiyo dereva aliyesimama mita chache tu kutoka kwenye gari lililonasa, waya karibu wote ukiwa bado kwenye ngoma, anatumia kama asilimia 60 ya winchi aliyoilipia.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu. Wanajeshi wa uokoaji wa magari wana kanuni yao ya siku nyingi: gari likizama usawa wa matairi, utahitaji nguvu inayolingana na uzito wa gari zima, likizama hadi madigadi, mara mbili ya uzito huo. Land Cruiser ya safari yenye abiria, mafuta na mizigo haipungui sana tani tatu. Izame hadi madigadi kwenye udongo mweusi wa Ndutu mwezi wa Aprili, na hapo unatafuta tani sita. Winchi ya tani nne na kitu haitoi tani sita hata iwe imetoka dukani jana.

Dawa ya hapo siyo spana. Kwanza toa waya mrefu iwezekanavyo, ila usiache chini ya mizunguko mitano ya waya wa chuma kwenye ngoma. Kwa kamba ya sintetiki acha kama kumi, kwa sababu inateleza kirahisi zaidi. Pili, tumia kapi. Ukilifunga kapi kwenye mti imara au gari jingine, ukapitisha waya na kurudisha ndoano kwenye gari lako, nguvu inakaribia mara mbili na mwendo unakuwa nusu. Na kwa kuwa waya umetoka mara mbili, ngoma imebaki na safu chache, kwa hiyo unafaidika tena hapo. Kumbuka tu kwamba mkanda wa mtini na shakeli ya kwenye kapi vinabeba mzigo maradufu. Visiwe vya kubahatisha. Kule kwenye nyanda za nyasi fupi ambako hakuna mti hata wa dawa, unalitegemea gari la mwenzako au unazika tairi la akiba.

Tatu, chimba. Toa tope mbele ya matairi, toa lililoshikilia difu na ekseli. Naona gari lina winchi ya mamilioni, friji, taa za juu safu nzima, halafu koleo hakuna.

Kama winchi inalivuta gari lako kwenye mwinuko wa changarawe bila kusitasita, halafu inashindwa matopeni, irudishie heshima yake. Ikishindwa hata kwenye changarawe, endelea kusoma.

Moto unapotelea wapi

Winchi ya ukubwa huo ikizunguka bila mzigo hula kama ampea 60 hadi 100. Ikipewa mzigo kamili inafika ampea 400 na zaidi. Hakuna kitu kingine kwenye gari kinachokula moto namna hiyo kwa dakika nzima. Stata inakula sekunde chache ikaacha. Kwa ampea 400, kiungo kimoja chenye upinzani wa omu 0.005 tu, yaani nati iliyolegea au kutu kidogo chini ya lagi (kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya), kinameza volti 2 na kugeuza wati 800 kuwa joto palepale. Ni kama umeweka pasi ya nguo kwenye kichwa cha betri.

Na hapa ndipo tesita inapowadanganya watu. Ukipima winchi ikiwa imetulia utasoma volti 12.6 kwenye betri, 12.6 kwenye solenoidi (ile swichi nzito inayopitisha moto kwenda kwenye mota), 12.6 hadi kwenye mota. Waya ukiwa umebakiwa na nyuzi tatu nzima utasoma hivyohivyo, kwa sababu hakuna moto unaopita. Ubovu unaonekana mzigo ukiwepo.

Kijana mmoja dereva wa safari alikuja na Land Cruiser yake kutoka Ndutu, duka fulani likiwa limeshamwambia aagize mota.

"Shikamoo mzee. Nimepima mwenyewe, moto upo wote mpaka kwenye mota."

"Marahaba. Umepima winchi ikiwa inavuta?"

Akacheka kidogo, akaenda kulitafuta lori la kufungia waya.

Tulimfunga kwenye lori la gereji lililowekwa vigingi, gari lake likiwa nyutro na mtu amekanyaga breki kidogo kuleta uzito. Tesita niliiweka kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya risasi ya betri, siyo kwenye lagi wala nati, ncha nyingine kwenye nati ya moto kwenye mota. Alipobonyeza rimoti, tesita ikasoma volti 3.1. Hizo ni volti zilizopotea njiani kabla moto haujafika. Nikaanza kusogeza ncha moja hatua kwa hatua: nguzo hadi lagi, hakuna kitu. Lagi hadi waya wenyewe, karibu zote zikawa hapo. Tukabandua utepe mweusi. Lagi ilikuwa imebanwa kwa nyundo, ganda la waya sentimita chache za mwanzo limekauka na kung'aa kwa joto, na ndani nyuzi zimegeuka unga wa kijani. Ukizisugua kwa kidole zinabaki mkononi. Tulikata kipande kile, tukaweka lagi nyingine kwa mashine ya kubania, tukaivisha mpira wa kusinyaa kwa moto ili maji yasiingie. Mota ilikuwa ileile, na safari hii gari lake lilianza kujivuta kuelekea kwenye lori huku breki ikiwa imekanyagwa.

Hivyo ndivyo unavyopima wewe pia. Upande wa moto, kutoka nguzo ya betri hadi mota, ukipoteza nusu volti hadi volti moja mzigo ukiwa mzito, ni sawa. Zaidi ya hapo, gawa njia vipandevipande hadi ukipate kinachokula. Kisha rudia upande wa ethi, yaani njia ya moto kurudi betrini: ncha moja kwenye mwili wa mota, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Huu upande wa ethi unasahaulika mno. Watu wanaleta waya mnene wa moto, halafu ethi wanaipachika kwenye chesisi palipopakwa rangi, eti bodi yote ni ethi. Ethi ya winchi irudi moja kwa moja betrini kwa waya wa unene uleule.

Unene wenyewe pia ni hesabu. Mita mbili za kwenda na mbili za kurudi kwa waya wa shaba wa milimita mraba 25 zinakula volti 1.1 kwenye ampea 400. Wa milimita 50 unakula nusu yake. Wa milimita 16, ambao nauona mara kwa mara kwenye magari ambako betri imehamishiwa nyuma, usiufikirie. Na ukinunua waya mitaani, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi. Muuzaji atakwambia ni shaba. Kisu hakina duka.

Swichi ya kukatia moto nayo uipime. Zile nyekundu za bei ndogo zenye ufunguo wa plastiki zinafaa kwa boti ndogo na taa. Kwenye winchi zinachemka hadi ufunguo unakwama.

Usalama wakati wa vipimo hivi: boneti iwe wazi maana inakukinga, blanketi au koti zito liwekwe juu ya waya, glavu mkononi, na asiruhusiwe mtu kusimama kandokando ya waya wala kuuruka. Watoto wa gereji wanapenda sana kuja kuangalia.

Betri na altaneta

Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ukikuta 12.2, imebaki nusu. Lakini hata hiyo 12.6 haikuambii betri ina nguvu kiasi gani. Betri iliyochoka inasoma vizuri ikipumzika na kuanguka ikipewa kazi. Weka tesita kwenye nguzo mbili za betri na uvute mzigo wa wastani. Ikishuka chini ya volti 10 huku injini ikiwaka, betri ndiyo mgonjwa, siyo winchi.

Madereva wengi wanaamini altaneta ndiyo inayoendesha winchi. Altaneta ya ampea 80 kwenye mzigo wa ampea 400 inachangia kidogo tu, na gari likiwa sailensa, bila kukanyagwa mafuta, haitoi hata hizo 80. Zinazobaki zote zinatoka betrini. Dakika moja ya kuvuta kwa nguvu inachota karibu ampea-saa 6 au 7, kwenye betri ambayo labda ina 70. Ndiyo maana kazi ya winchi ni kuvuta kidogo, kusimama, kuacha injini irudishe, kuvuta tena. Injini iwe kwenye mizunguko 1,500 hivi. Land Cruiser za zamani za dizeli zina kitufe cha kuvuta mafuta kwa mkono pale kwenye dashibodi, na hiki ndicho kilichowekewa kazi za namna hii.

Kisa kingine kinachojitokeza kwenye winchi za mitumba: mtu ananunua winchi iliyotolewa kwenye lori, anaifunga kwenye gari la volti 12, inazunguka kwa upole na kukosa nguvu kabisa. Anabadilisha waya, anabadilisha betri. Kumbe kibandiko, kikisafishwa, kinasema volti 24.

Upande mmoja mzima, mwingine mbovu

Ikiwa inatoa waya kwa kasi ila kuvuta inalegea, au kinyume chake, acha betri, acha waya mkubwa, acha ethi. Hivyo vyote vinatumika pande zote mbili. Nenda kwenye solenoidi.

Mota ya winchi ya koili, yaani isiyotumia sumaku, mara nyingi ina nguzo tatu zilizoandikwa A, F1 na F2, na ethi chini kwenye mwili wake. Moto ukiingia F1 unapita kwenye koili za nje, unatokea F2, unarudi kwenye boksi la solenoidi, ndipo unaingia A kwenda kwenye amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, na kumalizikia ethi. Ukibadilisha upande, unaingia F2 na kutokea F1. Maana yake moto unapita kwenye vikonyo vya solenoidi, vile vya ndani vinavyogusana ili moto upite, mara mbili kila safari, na kila upande una vikonyo vyake. Vikiungua vya upande wa kuvuta, ambavyo ndivyo vinavyofanya kazi nzito, winchi inalegea upande huo peke yake.

Pima kama ulivyopima waya: ncha mbili kwenye nguzo nene mbili za solenoidi, winchi ikivuta. Solenoidi nzima inapoteza sehemu ndogo sana ya volti. Ukisoma volti nzima au zaidi, imeungua ndani. Sikiliza pia. Ikilia tak-tak-tak mfululizo, betri imeanguka kiasi kwamba koili ndogo haiwezi kushikilia, na kila mlio mmoja ni cheche inayozidi kuvichoma vikonyo. Hivyo ndivyo betri mbovu inavyoua solenoidi nzima, na ndiyo sababu nikikuta solenoidi imekufa narudi kupima betri hata kama mwenye gari anaharaka.

Wapo mafundi wanaozifungua solenoidi za zamani na kugeuza vikonyo upande wa pili. Inafanya kazi, ya kukufikisha nyumbani. Kwa gari linalokwenda kulala porini na wageni, badilisha.

Ukitaka kujua kama mota ni nzima bila kupitia solenoidi, legeza klachi ngoma iwe huru, kata moto, toa nyaya za solenoidi kwenye mota, unganisha F1 na A kwa kipande kinene cha waya, weka ethi kwenye mwili wa mota, kisha gusisha moto wa betri kwenye F2 kwa sekunde chache. Geuza, unganisha F2 na A na moto uende F1, nayo izunguke upande wa pili. Ikizunguka kwa kasi sawa pande zote, mota haina kosa, tafuta kwenye boksi.

Inaanza vizuri halafu inachoka

Hii peke yake haina maana ni mbovu. Shaba ikipanda joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi, upinzani wake unaongezeka karibu asilimia 40. Mota iliyovuta mfululizo inafika huko upesi, na nguvu inashuka hata kama betri iko imara. Weka mkono karibu na mwili wa mota. Ukishindwa kuushikilia hapo, acha ipoe. Mota za sumaku, zilizopo kwenye winchi nyingi za bei nafuu, zinaumia zaidi kwa joto: sumaku yenyewe inapungua nguvu ikiwa moto, na gundi ikiachia, kipande cha sumaku kinang'oka na kukwaruza amecha. Hapo utasikia mkwaruzo, na hakuna cha kusuka.

Lakini ikichoka ndani ya sekunde chache, hiyo siyo joto la kawaida. Gusa viungo vyote mara tu baada ya kuvuta, moto ukiwa umekatwa. Kile kinachounguza wakati vingine ni vuguvugu ndicho kinachokuibia.

Mota yenyewe, sasa

Umefuata moto hadi mwisho, volti zinafika, pande zote mbili zinalegea. Sasa fungua mota.

Kitu cha kwanza ni kaboni, vile vipande vinavyogusa amecha na kuipa moto. Zinatakiwa kuteleza kwenye nyumba zake bila kukwama, na springi ziziminye. Winchi iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa, ikanyeshewa na kuoshwa kwa mashine ya presha, kaboni zake zinashikwa na kutu na tope. Zinagusa amecha kwa ukingo tu. Zitoe, safisha nyumba zake, na zilizofupika badilisha zote kwa pamoja. Ile sehemu ya shaba ambayo kaboni zinaisugua ikiwa nyeusi, isugue kwa msasa laini wa karatasi, usitumie ule wa kitambaa wa kusafishia chuma, kwa sababu chembe zake zinapitisha umeme na kubaki kwenye mifereji. Puliza vumbi lote. Amecha ikiwa na harufu ya kuungua na vanishi imepasuka, mpelekee fundi wa kusuka mota akupimie kabla hujaamua.

Ukifungua na maji yakamwagika, angalia tundu la kutolea maji. Mota nyingi zinalo, na linatakiwa litazame chini. Mtu akiizungusha mota ili iingie kwenye bampa alilojitengenezea, tundu linatazama pembeni au juu, na badala ya kutoa maji linayapokea.

Gia, ngoma na breki

Kama umeme wote uko sawa na bado inavuta kwa shida, nguvu inaliwa na msuguano. Legeza klachi uvute waya kwa mkono. Utoke kwa nguvu ya mtu mmoja. Ukihitaji watu wawili, legeza nati zinazoshika winchi kwenye bampa, kidogo tu, na uvute tena. Ngoma ikawa nyepesi ghafla, bampa limepinda na linaikamua winchi, mota na boksi la gia havitazamani tena. Hili linawapata sana waliogonga mti au kisiki mbele, na waliofungiwa winchi kwenye bamba jembamba linalopinda kila ikivuta. Weka vipande vya bati nyembamba kusawazisha, au tengeneza bampa upya.

Mota ikilia kwa kasi na ngoma haizunguki, au inazunguka kwa kurukaruka, klachi haijaingia yote. Zungusha ngoma kidogo kwa mkono huku ukisukuma wenzo, hadi uingie. Usilazimishe kwa rimoti, meno yanaliwa.

Fungua boksi la gia kama gari limevuka maji ya kina. Grisi iliyochanganyika na maji inageuka rangi ya maziwa na haifai tena. Safisha, pakaa mpya ya kiasi. Kulijaza boksi pomoni kunaongeza uzito wa kuzungusha, na grisi inapenya hadi kwenye breki.

Breki za winchi nyingi za aina hii zimo ndani ya ngoma. Ikilegea, gari litateleza kurudi ukiachia rimoti, lakini kuvuta kunaendelea vizuri, kwa hiyo usiilaumu breki kwa uvivu wa kuvuta hadi uhakikishe inang'ang'ania. Dalili ya kung'ang'ania ni ngoma kuwa ya moto sana huku mota ni vuguvugu. Wenye kamba za sintetiki muwe macho hapa: nyuzi zake zinayeyuka karibu nyuzi 145 za Selsiasi na zinaanza kupoteza nguvu mapema zaidi ya hapo, na joto la breki linatoka ndani kabisa ya ngoma, pale ambapo huoni. Kushusha gari mteremkoni kwa winchi muda mrefu ndiko kunakochoma safu ya chini.

Rola za mbele, zile waya unapopitia, nazo zizunguke. Iliyoganda kwa tope kavu inageuka kisu cha waya.

Kwa wale wenye winchi za PTO, za Land Cruiser za zamani zinazoendeshwa na giaboksi, kuna pini ya kukatika kwenye shafti. Injini inazunguka, shafti inazunguka, ngoma imesimama: pini imekatika, na imefanya kazi yake, mzigo ulizidi. Weka pini ya chuma laini cha kipimo kilekile na ubebe za akiba. Ukiweka bolti ngumu kwa sababu "hii ya kwanza ni dhaifu", kinachofuata kukatika ni shafti, au waya ukiwa umekazwa kwa tani kadhaa.

Ukimaliza matengenezo yote, usiukunje tu waya kwenye ngoma bila mzigo. Livute gari lako lenyewe kwenye mwinuko mdogo, breki imekanyagwa kidogo, ili safu zikae zimekazwa na kupangika. Waya uliokunjwa ukiwa legelege, siku ya mzigo mzito safu ya juu inajipenyeza chini ya zile za ndani na kunasa humo, na utarudi gerejini kuniambia winchi haitoi.